Oda imetoka, tunahama: maswali ninayoulizwa na wake (na waume) wa askari

Mume wangu ni askari wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Tulianzia Fort Bliss kule El Paso, Texas, kwenye jua na vumbi. Tukapelekwa Fort Drum, New York, kwenye theluji isiyojua aibu. Sasa tuko Joint Base Lewis-McChord, karibu na Tacoma, jimbo la Washington. Kila kiangazi msimu wa kuhama ukianza, simu yangu haipumziki. Leo dada wa Mombasa aliyeko Georgia, kesho binti wa Bukavu aliyeko Kentucky, keshokutwa kaka wa Arusha ambaye mkewe ndiye askari. Maswali ni yaleyale, basi nimeyaweka pamoja.

Tena sisi Waswahili makambini si wachache kama watu wanavyodhani. Kuanzia 2009 hadi 2016 jeshi liliandikisha wageni wenye lugha adimu kwa mpango ulioitwa MAVNI, na Kiswahili kilikuwamo kwenye orodha. Baadhi ya waume zetu waliingia kwa mlango huo, wengine kwa grini kadi.

Utaniona narudia jambo moja mpaka unichoke. Jeshi litahamisha vitanda, litahamisha masufuria, litamhamisha mumeo na cheo chake. Kazi yako wewe halina habari nayo. Hiyo unaihamisha mwenyewe, na inaanza kufungashwa siku oda, yaani amri ya maandishi ya uhamisho, inapotoka, si siku mnapofika.

Mume wangu ameambiwa tunahama, ila oda yenyewe hajaipata. Nianze kufungasha?

Panga makaratasi, lakini usivunje mkataba wowote na usiache kazi. Neno la sajenti si oda. Mimi safari ya kwanza niliaga kazini mapema, wenzangu wakaninunulia keki yenye jina langu, halafu tarehe ikasogezwa miezi miwili. Kurudi kumwambia bosi "bado nipo" baada ya kula keki yake ni aibu nisiyomtakia mtu.

Makaratasi gani hasa?

Nina faili moja jekundu, halipandi lori, halipandi buti ya gari, linakaa miguuni pangu safari nzima. Ndani yake kuna nakala kumi za oda (kumi, usicheke, kila ofisi itataka yake), vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, pasipoti, kadi za chanjo, rekodi za shule, na grini kadi au cheti cha uraia. Cheti cha ndoa kama ni cha Kiswahili, weka na tafsiri yake iliyothibitishwa.

Halafu kuna sehemu yangu, ambayo wanawake wengi huisahau: leseni ya kazi, vyeti vya mafunzo, hati za malipo za miezi ya mwisho, na barua kutoka kwa msimamizi wangu inayosema nilifanya kazi gani, tangu lini mpaka lini, saa ngapi kwa wiki. Barua hiyo iombe ukiwa bado upo kazini na watu wanakupenda. Ukishaondoka, utapigiwa muziki wa kwenye simu mpaka uujue.

Tuwaachie jeshi mizigo au tujisafirishie wenyewe?

Inategemea mna vitu kiasi gani na moyo kiasi gani. Jeshi likichukua, kampuni ya uhamishaji inakuja, inafunga kila kitu, inaondoka. Mkijisafirishia, wao huita PPM na wazee bado huita DITY, serikali inawalipa kwa kuangalia pesa ambazo ingetumia yenyewe, na mkibana matumizi mnabaki na chenji. Masharti yake: gari lipimwe kwenye mzani wa malori likiwa tupu, lipimwe tena likiwa limejaa, na risiti zote mbili zitunzwe kama dhahabu. Risiti ya mzani ikipotea, pesa imepotea.

Kila cheo kina kiwango chake cha uzito. Sajenti wa E-5 mwenye familia ana pauni 9,000, yaani tani 4 na ushei. Ukizidisha unalipa mwenyewe. Lakini sikiliza hapa: mwenzi wa askari ana pauni 500 zake za vifaa vya kazi, na hizo hazihesabiwi kwenye uzito wa nyumba. Vitabu vya mwalimu, vifaa vya msusi anayesuka kwa biashara, cherehani ya fundi. Viweke chumba kimoja, uvitangaze kabla hawajaanza kufunga, na uhakikishe vimepimwa peke yake. Asiyesema hapewi, na wafungashaji hawakuulizi.

Simama nao na usome orodha yao kabla hujasaini. Tulipotoka El Paso kijana mmoja alikuta mbuzi yangu ya nazi niliyoletewa kutoka Tanga, akaigeuza, akakigusa kile chuma chenye meno, akaniangalia kama nimeficha silaha. Nilipomwonyesha jinsi ya kukalia na kukuna, alicheka, kisha akaandika kwenye orodha: kigoda, kimevunjika. Mbuzi nzima! Nikamwambia afute. Angekuwa ameandika hivyo kwenye televisheni, na televisheni ikafika na ufa, ningedai nini? Vilivyovunjika au kupotea una siku 180 za kutoa taarifa na miezi 9 ya kupeleka dai ili ulipwe thamani kamili ya kitu kipya. Msifungue maboksi mwaka mzima kama sisi tulivyofanya mara ya kwanza.

Tumepanga uraiani na mkataba wa nyumba haujaisha. Tutalipa faini?

Hapana. Sheria ya kuwalinda askari, SCRA, inamruhusu mwenye oda ya uhamisho kuuvunja mkataba wa pango. Mpe mwenye nyumba notisi ya maandishi pamoja na nakala ya oda. Mkataba unakufa siku 30 baada ya tarehe inayofuata ya kulipa kodi. Mwenye nyumba akikusumbua, nenda ofisi ya msaada wa kisheria kambini. Wanasheria wao hawakutozi kitu.

Tukifika, tukae ndani ya kambi au nje?

Posho ya nyumba, BAH, inapangwa kwa cheo, kwa kuwa na familia au kutokuwa nayo, na kwa eneo la kambi. Mkikaa ndani, kwa kawaida posho yote inakwenda kwa kampuni inayoendesha nyumba hizo. Tangu 1996 serikali imezikabidhi nyingi kwa kampuni binafsi. Mkikaa nje, mkipata ya bei nafuu, kinachobaki ni chenu.

Maoni yangu? Kama una gari moja na huna kazi bado, kaa ndani mwaka wa kwanza. Kama kazi yako ni ya hospitali au nyumba ya wazee, angalia kwanza hospitali ziko wapi, ndipo mtafute nyumba. Fort Drum tulipanga mbali na kila kitu kwa sababu jiko lilikuwa zuri. Jiko zuri halikufukui kwenye theluji saa kumi na moja alfajiri.

Vyombo vikichelewa, nenda ACS, ofisi ya kambi ya huduma kwa familia. Wana stoo ya kuazimisha: sufuria, sahani, pasi, hata magodoro ya kulalia sakafuni. Si misaada ya maskini, maafisa nao wanaazima.

Kazi. Nimeacha kazi nzuri, naanza upya kila mara. Nifanyeje?

Hili ndilo linaloumiza, na si wewe peke yako. Uchunguzi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani wa 2021 ulikuta 21% ya wenzi wa askari wanaotaka kazi hawana. Usikubali mtu akuambie ni uvivu.

Tuanze na leseni. Mimi ni CNA, yaani msaidizi wa wauguzi mwenye cheti, kazi ya wengi wetu. Texas nilikuwa na cheti, New York nikaambiwa cheti cha Texas si chao, nijaze fomu, na mwajiri wa zamani athibitishe kuwa nilifanya kazi kwake. Fomu ikatumwa ile nyumba ya wazee niliyotoka. Ikakaa. Nikapiga, nikaambiwa aliyeshughulika nayo ameacha kazi. Nikapiga tena. Miezi minne nilikaa ndani naangalia theluji na kupika maandazi ya watu wasioyajua. Tulipohamia Washington niliomba cheti nikiwa bado New York, wiki ileile oda ilipotoka, na fomu ya mwajiri niliipeleka kwa mkono wangu, nikasimama mlangoni mpaka ikasainiwa. Safari hii nilianza kazi kabla maboksi hayajaisha.

Tangu Januari 2023 kuna sheria ya nchi nzima inayotaka leseni ya mwenzi wa askari itambuliwe katika jimbo mnalohamia kwa ajili ya oda. Isome na uitaje kwenye barua yako, maana makarani wengine hawajaisikia. Lakini bado utatuma maombi, na kila jimbo lina fomu zake. Wauguzi wana mkataba wao wa majimbo wa leseni moja: Texas imo, Washington ilijiunga 2023. Kama leseni yako ya uuguzi ni ya mkataba huo, mshukuru Mungu na uendelee na safari.

Gharama za leseni mpya baada ya uhamisho jeshi linaweza kukurudishia mpaka dola 1,000. Anayedai ni askari, kwa kitengo chake, na anadai kwa risiti. Kwa hiyo mpe risiti na umkumbushe. Mkumbushe tena. Wanaume hawa wanakumbuka namba ya bunduki yao lakini risiti yako wataifulia mfukoni.

Ukitaka kusomea kazi inayohamishika, kuna MyCAA, ufadhili wa mpaka dola 4,000 kwa ajili ya vyeti, leseni au diploma ya miaka miwili. Unategemea cheo cha askari, kwa hiyo omba kabla hajapanda cheo ukakupita.

Na ulipoacha kazi kwa ajili ya oda, usione haya kuomba mafao ya kukosa kazi. Majimbo mengi hayahesabu kwamba umeacha kwa kupenda. Wengi wetu tunaona kama ni kuombaomba, kumbe ni bima.

Na kazi za ndani ya kambi?

Zipo. Kazi za serikali kuu zinatangazwa kwenye tovuti ya USAJOBS, na mwenzi wa askari ana kipaumbele kwenye ajira za Wizara ya Ulinzi. Pia kuna njia, iliyowekwa kwa amri ya rais ya 2008, ya kuajiriwa bila kushindanishwa na umma wote. Tatizo ni kwamba nyingi zinataka uraia. Kama una grini kadi, uliza kwenye maduka ya Exchange na kwenye vituo vya michezo na burudani, huko kuna nafasi zisizobana hivyo. Utawaona pia watu wanaofungasha bidhaa kwenye duka la vyakula la kambi, commissary. Kabla hujaomba ujue: hawana mshahara, wanaishi kwa bakshishi tu.

Kuna moja inayowafaa sana akina mama zetu na hawaijui: kulea watoto nyumbani kwako kwa kibali cha kambi, FCC. Unapewa mafunzo, nyumba inakaguliwa, wanakuchunguza wewe na watu wazima wote unaoishi nao. Mama mmoja wa Goma hapa jirani analea watoto wa askari, na wazazi wa Kimarekani wameshazoea watoto kurudi nyumbani wakisema "shikamoo".

Nikifanya kazi jimbo jipya, nitalipa kodi ya mapato huko?

Si lazima. Sheria ya 2009, iliyopanuliwa 2018, inakuruhusu kubaki na ukaazi wa jimbo lenu la asili kwa ajili ya kodi, au kuchukua ule wa askari, mradi umehamia kwa sababu ya oda yake. Sisi tulibaki wakaazi wa Texas, ambayo haitozi kodi ya mshahara, hata tulipokuwa New York ambayo inatoza. Lakini ni lazima umjazie mwajiri fomu tangu mwanzo. Mimi nilichelewa miezi mitatu, nikazidai pesa zangu mwisho wa mwaka.

Bado si raia. Uhamisho utaharibu makaratasi yangu?

Uhamisho hauharibu. Anwani ya zamani ndiyo inayoharibu. Asiye raia anatakiwa kuwaarifu USCIS, idara ya uhamiaji, anwani mpya ndani ya siku 10 tangu ahame. Ni bure, ni ya mtandaoni, dakika chache tu. Kuwaarifu posta hakutoshi. Mwenye grini kadi ya masharti ya miaka 2 awe macho zaidi, kwa sababu maombi ya kuondoa masharti yanapelekwa ndani ya siku 90 kabla ya kadi kuisha, na barua ya wito ikienda nyumba ya zamani hakuna atakayekuletea.

Kama oda ni ya nje ya Marekani, kuna mlango mzuri. Mwenye grini kadi aliyeolewa na askari ambaye ni raia, akienda naye kwa oda, anaweza kuomba uraia chini ya kifungu cha 319(b) bila kusubiri ile miaka 3 ya kawaida. Ulizia mapema, msije mkapanda ndege mkauacha.

Korea au Ujerumani, nitafuatana naye?

Ukiwa umo kwenye oda, ndiyo. Hakikisha jina lako na la kila mtoto limeandikwa humo. Kabla ya hapo mtapimwa afya wote, na pasipoti yako ya Tanzania, Kenya au Kongo huenda ikahitaji viza ambayo mumeo haihitaji. Kufanya kazi huko kunategemea mkataba wa Marekani na nchi hiyo. Usiuze hata sambusa kabla hujauliza.

Watoto wamehama katikati ya mwaka. Watarudishwa darasa?

Wasirudishwe. Majimbo yote 50 yamo kwenye makubaliano ya kuwalinda watoto wa askari, MIC3. Shule mpya inampokea mtoto kwenye darasa alilokuwamo, inakubali kwa muda rekodi ulizobeba mkononi (faili jekundu!), na inakupa siku 30 kukamilisha chanjo zinazopungua. Shule ikikukatalia, usigombane na karani. Kambini kuna afisa uhusiano wa shule, mwachie yeye.

Wangu mkubwa alifika New York wakaona jina na lafudhi, wakamweka moja kwa moja kwenye darasa la wanaojifunza Kiingereza. Mtoto kazaliwa El Paso! Niliomba apimwe kwanza. Akapimwa, akatolewa.

Na mdogo, nitamwacha wapi nikipata kazi?

Kituo cha kulelea watoto cha kambi, CDC, kina foleni ndefu. Jiandikisheni kwenye tovuti ya MilitaryChildCare mara oda inapotoka, msisubiri kufika. Nafasi ikikosekana, ulizia ruzuku ya kumlipia kituo cha nje.

Bima ya afya?

TRICARE, bima ya jeshi, inahama nanyi, lakini badilisheni anwani kwenye DEERS, daftari la jeshi la askari na familia zao, na mchague daktari mpya. Kuhama kunakupa siku 90 za kubadili mpango, ukitaka. Mjamzito abebe faili lake la kliniki mwenyewe. Mwenye mtoto mwenye mahitaji maalumu amwandikishe kwenye mpango wa jeshi wa familia kama hizo, EFMP, ili wasije wakawapeleka mahali pasipo na daktari wake.

Tumefika wiki tatu tu, kapelekwa mazoezini California mwezi mzima. Sijui hata taka zinatolewa siku gani.

Pole, mama. Karibu jeshini. Ndiyo maana kabla hajaondoka popote mnakwenda ofisi ya sheria kuandika hati ya uwakilishi, ili uweze kupokea mizigo, kusaini nyumba na kushughulikia gari bila yeye. Iwe ya mambo maalumu yaliyotajwa, na iwe na tarehe ya mwisho. Ya jumla inayoruhusu kila kitu ni kisu chenye makali pande zote, na benki nyingine huikataa. Andika pia namba ya kundi la familia la kikosi chake na ya afisa wa zamu. Taka, muulize jirani. Swali hilo ndilo lililonipa rafiki wa kwanza hapa.

Oda inasema Fort Hood, mtandaoni naona Fort Cavazos. Ni kambi mbili?

Moja. Ilibadilishwa jina 2023 na kurudishiwa la zamani 2025. Fort Bragg nayo iliitwa Fort Liberty katikati hapo. Barua yako ya kazi ikitaja jina la katikati, usiitupe.

Huko tunakokwenda kuna Waswahili? Na unga?

Tacoma na Seattle wamejaa Wakenya na Wasomali, unga, maharage na kahawa ya tangawizi utavipata. Fort Drum ni kazi: tulikuwa tunaendesha zaidi ya saa moja mpaka Syracuse, ambako wakimbizi kutoka Kongo na Somalia wamefungua maduka, na mwenye duka alikuwa akinibakizia nazi mbili chini ya kaunta. Ukihamishiwa huku kwetu, mbuzi iko chini ya sinki langu, haijavunjika. Njoo uazime.